Kukarabati kisima cha makao ya wazee Arusha: maswali na majibu kuhusu usalama wa maji

Maswali haya yametokana na mazungumzo na walezi wa makao yaliyoko kwenye miteremko ya kusini ya Mlima Meru, wanakoishi wazee wapatao 30 pamoja na watoto 8 wasio na wa kuwalea. Makao hayo yana kisima kilichochimbwa kwa mikono, na wafadhili wameahidi fedha za pampu na simtanki. Jina lake halitajwi hapa, kwa kuwa hali yake inafanana na ya makao mengine mengi ya Arusha.

Kisima chetu kina maji mengi, tena maangavu. Kwa nini tusianze na pampu?

Kwa sababu pampu itapandisha maji yaleyale yaliyomo, yawe salama au yasiwe. Upande huu wa Arusha kisima huulizwa maswali mawili yasiyohusiana: je, kimeingiwa na vimelea vya kinyesi, na je, maji yake yana kiasi gani cha floraidi, yaani madini ambayo yakizidi hudhuru meno na mifupa? Vimelea hutoka kwa binadamu na mifugo juu ya ardhi, ilhali floraidi hutoka kwenye miamba ya volkano ya Meru, ambayo maji huipitia taratibu huku yakiyeyusha madini yake. Floraidi haina rangi, harufu wala ladha inayotambulika. Wenyeji huutazama mto Maji ya Chai kwa mashaka kutokana na rangi yake, na ni kweli kwamba una floraidi nyingi, lakini rangi ile siyo floraidi; maji meupe kama kioo yanaweza kuwa nayo vilevile.

Kwa hiyo fedha za kwanza ziende kwenye vipimo, ambavyo gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na bei ya pampu. Sampuli ya floraidi huchukuliwa kwenye chupa safi ya plastiki. Sampuli ya vimelea huchukuliwa kwenye chupa iliyotakaswa na maabara yenyewe, hutunzwa kwenye baridi, na inapaswa kufika maabara siku hiyohiyo. Shirika la Afya Duniani linataka floraidi isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na bakteria aina ya *E. coli*, ambaye ni dalili ya kinyesi, asionekane hata mmoja katika mililita 100.

Tunachemsha maji ya kunywa kila siku. Je, hilo halitoshi?

Linatosha kwa vimelea, na msiliache. Kwa floraidi halisaidii, bali huongeza tatizo kidogo: sufuria ya lita 10 ikichemka hadi zikabaki lita 8, floraidi yote inabaki kwenye hizo 8, na maji yaliyokuwa na miligramu 2 kwa lita yanafikia 2.5. Klorini, dawa ya kuulia vimelea, nayo haiiondoi, wala chujio la mchanga au la udongo wa kufinyanga. Hapa ndipo walezi wengi waangalifu hupotea, kwa kuwa wanatimiza kila walichofundishwa kuhusu kuhara na kudhani wamemaliza kazi.

Wanaoathirika si wote kwa namna moja. Kwa mtoto aliye chini ya miaka 8, floraidi iliyozidi huharibu jino linapojengeka ndani ya ufizi, na jino hilo huota likiwa na mabaka ya kahawia. Kwa mtu aliyeinywa kwa wingi kwa miaka mingi, hujikusanya kwenye mifupa, na viungo vikakaza na kuuma. Mzee ambaye figo zake zimechoka huitoa mwilini kwa shida zaidi. Maumivu ya namna hiyo ni rahisi kuyaita uzee tu.

Jambo moja la jikoni lisisahauliwe. Magadi yanayotumika kulainishia makande, hasa yale ya kuokotwa, nayo yana floraidi, wakati mwingine nyingi. Kuloweka maharage na mahindi usiku kucha kunapunguza haja ya magadi, na pia kunaokoa kuni.

Kisima chenyewe kirekebishwe vipi?

Nilipokitazama kisima hicho, mdomo wake ulikuwa sawa na usawa wa ardhi, umefunikwa kwa kipande cha bati na jiwe juu yake. Kamba ilikuwa imelala kwenye tope ambapo kuku walikuwa wakinywa maji yaliyomwagika, na kila ndoo iliposhushwa, tope lile lilishuka nayo. Choo cha shimo kilikuwa hatua 19 tu kutoka hapo, upande wa juu wa mteremko.

Marekebisho yaanze na kuta. Sehemu ya juu ya kisima, walau meta 3, ijengewe kwa pete za zege au tofali zilizozibwa vizuri kwa saruji, ili maji ya mvua yasipenye kutoka pembeni kabla ya kuchujwa na ardhi. Ukuta upande juu ya ardhi kiasi cha nusu meta, ufunikwe kwa zege lenye tundu la ukaguzi lenye kifuniko cha kufuli. Kuzunguka kisima iwekwe sakafu ya zege yenye mwinamo, na mfereji unaopeleka maji yaliyomwagika mbali, kwenye migomba kwa mfano, badala ya kuyaacha yatuame. Kamba na ndoo viondolewe kabisa. Hilo peke yake, kwa maoni yangu, ni nusu ya ukarabati.

Kuhusu choo, kanuni inayofuatwa na wengi ni meta 30 au zaidi, kikiwa chini ya kisima kwenye mteremko. Kama kimoja kati ya viwili ni lazima kihame, kihamishwe choo.

Mafundi wakimaliza, kisima hutiwa klorini kwa wingi mara moja. Kisima chenye kipenyo cha meta 1.2 na maji yenye kina cha meta 3 kina lita 3,400 hivi. Ili kila lita ipate miligramu 50, zinahitajika gramu 170 za klorini halisi, ambazo ni sawa na gramu 260 za unga wenye nguvu ya asilimia 65. Unga upimwe kwa mizani, uyeyushwe kwenye ndoo ya plastiki mahali penye hewa, kwa kuutia unga kwenye maji na si maji kwenye unga, kisha umiminwe kisimani na kuachwa usiku kucha. Kesho yake maji yavutwe mpaka harufu iishe, na yasielekezwe mtoni wala bustanini. Mtu asishuke kisimani baada ya klorini kutiwa. Na pampu ya petroli isiwashwe ndani ya kisima wakati wowote, kwa kuwa moshi wake huua.

Simtanki la ukubwa gani?

Watu 38 wakitumia lita 60 kila mmoja kwa siku, jumla ni lita 2,280, kwa hiyo tanki la lita 5,000 linatosha siku mbili umeme ukikatika au jua likikosekana kwa pampu ya sola. Kifuniko kibane, na tanki lioshwe mara kwa mara. Ikiwa klorini inatiwa tankini, ibaki walau miligramu 0.5 kwa lita baada ya dakika 30, na isiwe chini ya 0.2 bombani. Koki ziwe za mkono wa kusukuma, si za kuzungusha, na ziwekwe kwenye kimo ambacho bibi aliyeketi anakifikia. Mzee anayeshindwa kufungua koki hunywa maji kidogo, na kuishiwa maji mwilini humdhuru haraka kuliko kijana.

Floraidi ikionekana imezidi, tukifukie kisima?

Hapana. Maji hayo yanafaa kuoga, kufua, kusafisha vyoo na kunyweshea bustani, kazi ambazo ndizo zinazomaliza maji mengi. Kinachohitajika ni chanzo kingine cha maji ya kunywa na kupikia tu, na kiasi chake ni kidogo: lita 7 kwa mtu kwa siku zinafanya lita 266 kwa nyumba nzima.

Mvua ndiyo njia niipendayo, kwa kuwa karibu haina floraidi. Kwenye paa la bati la meta za mraba 100, kila milimita moja ya mvua ni lita 100, na ukikinga asilimia 80 yake, masika ya milimita 300 yanakupa lita 24,000, yaani maji ya kunywa na kupikia ya siku 90. Shida ni matanki ya kuyatunza, ambayo ni ghali, na maji ya mvua za kwanza lazima yamwagwe ili yasafishe vumbi na kinyesi cha ndege. Yakiwa hayatoshi, yachanganywe: sehemu moja ya maji ya kisima yenye miligramu 4 na sehemu mbili za mvua hutoa maji yenye miligramu 1.3 hivi.

Njia nyingine ni chujio la mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambalo limefanyiwa kazi kwa miaka mingi katika kituo cha utafiti cha Ngurdoto. Mifupa iliyochomwa ipasavyo hunasa floraidi. Iliyochomwa vibaya huyapa maji rangi na harufu. Wakazi wana haki ya kuuliza ni mifupa ya mnyama gani, nao wajibiwe kwa ukweli. Chujio hilo huchoka bila kutoa ishara yoyote inayoonekana, kwa hiyo asiyeweza kupima floraidi ya maji yanayotoka asilinunue.

Je, tukichimba kirefu zaidi?

Kina hakihakikishi chochote. Maji yaliyokaa muda mrefu kwenye miamba ya volkano yanaweza kuwa na floraidi zaidi. Mkiamua kuchimba, ulizeni kwanza matokeo ya visima vya majirani, na muombe vibali kwa Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, ambayo eneo lenu liko chini yake.

Watoto wetu wakubwa wana meno ya kahawia. Yatakuwa meupe tukibadilisha maji?

Hayatakuwa. Rangi hiyo iko ndani ya jino lenyewe, mswaki hauiondoi, na haiambukizi. Daktari wa meno anaweza kuifunika kwa mtu anayesumbuka nayo. Lakini katika wale 8 kuna wawili ambao hawajaanza shule. Meno yao ya utu uzima bado yanajengeka ndani ya ufizi, na wao ndio wa kwanza kupewa maji ya mvua, hata kabla tanki kubwa halijafika, kwa kutumia ndoo mbili zenye koki na mfuniko zilizowekwa jikoni.