Kihatarishi sio kisababishi: vitamini D na ugonjwa wa MS

Juzi tena nimemsikia mtu anamwambia rafiki yangu mwenye MS, "kumbe ni upungufu wa vitamini D tu, si uwe unaota jua utapona". Rafiki yangu alikua anajikanda mguu wa kushoto uliokufa ganzi toka asubuhi, hakujibu kitu, akavuta kiatu akaanza kukifunga taratibu kwa vidole ambavyo navyo havisikii vizuri.

MS, yaani multipo sklerosisi, ni pale kinga ya mwili inapogeuka na kushambulia mayelini, lile ganda la mishipa ya fahamu kwenye ubongo na uti wa mgongo. Vitamini D ngozi inaitengeneza ikipigwa jua, ini na figo zinaigeuza kua homoni, na seli za kinga zinaisikiliza homoni hiyo. Uhusiano wenyewe ndo huo.

Sasa twende kwenye neno. Madaktari wanasema vitamini D kua chini ni kihatarishi, watu wanasikia kisababishi. Umbo linafanana kweli, ila moja limetoka kwenye kuhatarisha na lingine kusababisha, na ukirudi nyuma mpaka kwenye Kiarabu, sabab ilikua kamba, unavuta huku kitu kinakuja kule, wakati khatar ilikua pia dau, kile unachoweka mchezoni na unaweza kukipoteza au usikipoteze. Mi naona tofauti yote iko hapo. Utafiti wa wanajeshi wa Marekani uliotoka 2006 ulitumia damu iliyohifadhiwa kabla hawajaugua, na kwa wazungu, kundi lenye vitamini D ya juu kabisa uwezekano wa kupata MS ulikua chini kwa asilimia 62 kuliko kundi la chini kabisa. Hiyo ni kubwa, siibezi hata kidogo! Lakini watu kibao vitamini D yao iko chini miaka na miaka na MS hawaijui, kwa sababu kuna jeni, kuna sigara, kuna kirusi cha Epstein-Barr, vyote vimo kwenye dau hilohilo.

Na hata kama inapunguza hatari ya kuugua haimaanishi inamponya aliyeugua tayari. Majaribio mengi ya kuongeza vitamini D juu ya dawa za MS hayakupunguza mashambulizi, yaani zile nyakati ugonjwa unapoibuka upya. Jaribio la Ufaransa la 2025 lilileta matumaini, wagonjwa wa hatua ya mwanzo kabisa walipewa yuniti 100,000 kila wiki mbili kwa miaka miwili, ugonjwa ukaonekana tena kwa asilimia 60 hivi ya wagonjwa hao, kwa wasiopewa asilimia 74. Umepungua, haujaondoka, na hizo ni dozi za kusimamiwa na daktari maana ukijipimia mwenyewe kalsiamu inajaa kwenye damu na figo zinaumia.

Kwa hiyo ndugu yangu, siku nyingine muulize hivi, "vitamini D walikupima ikatoka ngapi?" Hilo atakujibu vizuri tu, namba yake anaijua.