LIMIT 10 haipunguzi bili

Wiki iliyopita nimeisikia tena, safari hii kwa mkuu wa idara aliyenialika kuwafundisha watu wake BigQuery, ghala la data la Google kwenye wingu. "Hawa SQL wanaijua, wewe waoneshe tu pa kubofya. Gharama usiwe na wasiwasi, nimeshawaambia kila kwiri waweke LIMIT 10." Nafundisha wafanyakazi wa fedha, masoko na TEHAMA hapa Dar es Salaam, na maneno hayo nimeyasikia kwenye ofisi nyingi mno. Leo nayajibu kwa maandishi ili siku nyingine nitume kiungo tu.

Kwiri ni swali unaloliandikia ghala kwa lugha ya SQL; LIMIT 10 ni kuliambia likuoneshe mistari kumi tu. LIMIT haipunguzi bili. Inapunguza mistari unayooneshwa, basi.

Aliyekulia kwenye hifadhidata za kawaida kama PostgreSQL au MySQL ana haki ya kushangaa, kwa sababu kule, kwenye kwiri nyepesi, LIMIT hufanya kazi kweli: injini inasoma mstari baada ya mstari, ikifikisha kumi inaacha. BigQuery imepangwa kwa safuwima. Kila safuwima imehifadhiwa kivyake, na unatozwa ukubwa wa safuwima ulizozitaja, tena ukubwa wake kabla ya kubanwa. Ukiandika SELECT *, yaani ile nyota, umezitaja zote. Zimeshahesabiwa, hata kama ulitaka kuona mstari mmoja.

Kwa maelezo hayo matupu hakuna anayebadilika, nimejaribu miaka. Watu huitikia kwa kichwa, Jumatatu wanarudi kwenye nyota yao. Kwa hiyo siku hizi asubuhi ya kwanza sifungui slaidi. Kila mshiriki anafungua jedwali la natality kwenye sampuli za umma za BigQuery: watoto waliozaliwa Marekani kuanzia 1969 hadi 2008, mistari zaidi ya milioni 137, takriban gigabaiti 22. Wanaandika SELECT * yenye LIMIT 10, wanasoma makadirio kabla ya kuendesha: gigabaiti 22, jedwali zima. Halafu wanafuta nyota, wanaandika year peke yake, na LIMIT wanaiondoa kabisa. Makadirio yanashuka hadi gigabaiti moja hivi.

Darasa la mwisho, mhasibu mmoja aliinua mkono. "Mwalimu, hapa pamekosewa. Mistari milioni mia na kitu iwe rahisi kuliko kumi?" Nikamwomba aendeshe zote mbili, afungue taarifa za kila kazi na kusoma kwa sauti kiasi kilichotozwa. Alisoma, akanyamaza, akaziandika namba zote mbili nyuma ya daftari lake. Mwenzake wa pembeni akasema, "Lakini mimi nimeirudia ile ya kwanza, imeniandikia sifuri."

Nadhani imani yote hii huzaliwa hapo. Jibu la kwiri huhifadhiwa kwa saa 24 hivi, na ukiirudia herufi kwa herufi wakati data haijabadilika, unapewa jibu lilelile bila kutozwa. Mtu ameweka LIMIT, ameona sifuri, ameipa LIMIT sifa isiyo yake. Nilimwambia abadilishe 10 iwe 11. Gigabaiti 22 zikarudi.

Kwa jedwali hilo hasara ni senti 13 za dola, ukichukua bei ya dola 6.25 kwa terabaiti inayotozwa kwenye maeneo mengi ya Marekani, na terabaiti ya kwanza ya kila mwezi ni bure. Lakini jedwali la miamala la terabaiti 2 ni dola 12.50 kila unapobofya. Mchambuzi "anayechungulia tu" mara ishirini kabla ya chakula cha mchana ameshatumia dola 250. Kuchungulia kuna kichupo cha Preview, na hakitozwi kitu.

Kuna pahala lazima nijisahihishe. Kama jedwali limepangwa kwa makundi, yaani clustering, LIMIT inaweza kweli kupunguza kinachosomwa. Itapunguza kiasi gani? Simwahidi mtu, maana kwa majedwali hayo hata makadirio ya kabla ya kuendesha ni kikomo cha juu tu. Na ukihamia Snowflake, ghala la kampuni nyingine, hesabu yote ni nyingine: kule unalipia muda mashine ilipokuwa macho, kwa sekunde, kima cha chini sekunde 60 kila inapoamka, na ukipanda saizi moja bei kwa saa inakuwa maradufu. Ndiyo maana nikiona tangazo la "mafunzo ya ghala la data la wingu" lisilotaja chombo chochote, huwa siliamini.

Ombi jingine linalonichosha ni hili: "Tutakupa faili dogo la mfano." BigQuery huhesabu angalau megabaiti 10 kwa kila jedwali unalolitaja. Kwenye faili la mistari mia mbili, kwiri nzuri na kwiri mbovu zina gharama sawa. Mkono haujifunzi kitu hapo. Nipeni jedwali kubwa, lenye uchafu wake.

Mengine nayapitia haraka, ingawa kila moja limewahi kumwumiza mtu. Primary key, yaani safuwima ya kutambulisha kila mstari, kwenye majedwali ya kawaida ya BigQuery, Snowflake na Redshift (ghala la Amazon) haizuii marudio. Ni tamko tu, ukipakia faili mara mbili una mauzo mara mbili. Jedwali lililogawanywa kwa tarehe halikusaidii kama kwenye WHERE, sehemu ya masharti ya kwiri, tarehe hukuitaja. Na saa: bila kutaja Africa/Dar_es_Salaam, DATE hukata siku saa sita usiku ya UTC (saa ya kimataifa), ambayo kwetu ni saa tisa usiku. Aliyelipa saa saba usiku wa kuamkia tarehe 1 Januari anaingia kwenye hesabu za mwaka uliopita. Hilo wahasibu hulishika mara moja, mafundi wa TEHAMA huchelewa.

Sasa shaka yangu. Zamani nilianza na bili siku nzima. Mshiriki mmoja, binti mdadisi kuliko wote darasani, nilimkuta miezi miwili baadaye hagusi ghala kabisa; kila swali anampelekea fundi amwendeshee, anaogopa kuitia ofisi hasara. Sijui nimewaogopesha wangapi ambao sikurudi kuwaona. Siku hizi, kabla ya chochote, tunaweka kikomo cha baiti zinazotozwa kwa kila kwiri. Ikizidi, inakataa kuanza na hakuna anayelipa. Wakishaona wenyewe inakataa, ndipo nawaambia waulize wanachotaka.

Ukitaka kunialika, usinitumie orodha ya mada. Nitumie kwiri ishirini zilizotozwa zaidi mwezi uliopita. Zipo kwenye INFORMATION_SCHEMA.JOBS, orodha ya BigQuery yenyewe inayotunza historia ya siku 180. Majina ya walioziandika yafute kwanza. Tutaziandika upya darasani, moja baada ya nyingine, tukianza na iliyo ghali kuliko zote.