Asilimia 16 Si Gramu 16 Katika Kila Mia

Kila gawio (sehemu ya faida) la Serikali ya Tanzania kutoka kampuni ya madini linapotangazwa, swali hurudi lile lile: "Asilimia 16 ndiyo hii tu?" Hisa za asilimia 16 ambazo Sheria ya Madini, baada ya marekebisho ya 2017, inaipa Serikali bila kuzilipia ni hisa, si fungu la dhahabu. Hazipunguzwi hata kampuni ikitoa hisa mpya, lakini gawio lake husubiri kampuni iwe na fedha za kugawa. Mgodi ambao bado unalipa mikopo ya ujenzi unaweza kupitisha miaka bila gawio.

Mrabaha, yaani malipo kwa Serikali kwa madini yanayochimbwa, hausubiri. Kwa dhahabu, shaba na madini ya fedha yanayosafirishwa nje ni asilimia 6 ya thamani ghafi, na juu yake kuna ada ya ukaguzi, asilimia 1 ya thamani hiyo. Gharama za mgodi hazikatwi kwanza.

Thamani hiyo hutokana na uzito na vipimo, ndiyo maana tunang'ang'ania mizani. Chukua, kwa mfano, kontena la tani 20 la makinikia, yaani mchanga wa madini uliochujwa mgodini. Unyevu ukipimwa asilimia 8, tani kavu ni 18.4; kwa gramu 150 za dhahabu kwa tani, ni gramu 2,760. Mtu akiandika unyevu asilimia 12, zinabaki 2,640. Gramu 120 zimepotea kwenye karatasi, na hakuna aliyeiba hata punje. Hivyo sampuli huchukuliwa pande zote zikiwepo, hukaushwa, husagwa na kugawanywa. Fungu moja hufungwa lakiri, lipimwe na maabara ya tatu matokeo yakitofautiana.

Ile "hamsini kwa hamsini" ya Serikali na kampuni ya madini ya Barrick, iliyozaa kampuni yao ya ubia ya Twiga, nayo hueleweka vibaya. Kinachogawanywa ni manufaa ya kiuchumi: fungu la Serikali hujumlisha kodi, mrabaha, ada na kinachotokana na hisa za asilimia 16. Anayeongeza 16 juu ya 50 anahesabu kitu kimoja mara mbili.

Wengine hudai Bunge "livunje mikataba". Sheria namba 6 ya 2017, inayohusu kupitia upya mikataba ya maliasili, haisemi hivyo. Bunge likiona vifungu vina masharti hasi, yaani yasiyo ya haki kwa nchi, hupitisha azimio. Ndani ya siku 30 Serikali humpa mwekezaji notisi ya kusudio la kujadiliana upya. Majadiliano yana siku 90 tangu notisi imfikie. Akikataa, au wasipoafikiana, vifungu hivyo huhesabika vimefutwa. Ni vifungu hivyo tu. Mkataba uliobaki unaendelea, na mrabaha wa shehena inayofuata unadaiwa kama kawaida.