Karatasi inasema "kontrakta", kazi inasema nini?

Dhana: Mkataba ukiniita kontrakta wa kujitegemea, sina haki za mwajiriwa.

Hii ndiyo inayowaumiza wengi hapa Nairobi, na waajiri wanaijua vizuri. Chukua mfano wa dizaina wa matangazo katika ofisi fulani ya Westlands. Saa mbili kasorobo asubuhi ameshaweka kidole kwenye mashine ya mlangoni. Kompyuta ni ya kampuni. Akitaka kwenda kliniki, lazima aombe ruhusa kwa supavaiza, na kazi za wateja wa nje amekatazwa. Ila mwisho wa mwezi anaandika invoisi, nayo kampuni inazuia kodi ya asilimia 5 na kuipeleka kwa mamlaka ya ushuru, KRA, kana kwamba imenunua huduma ya mtu baki. Kontrakta gani huyo?

Ukweli: jina la mkataba halimfungi jaji. Mzozo ukifika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Leba, maswali huwa mengine. Nani anapanga saa na namna ya kufanya kazi? Vifaa ni vya nani? Unaweza kumtuma mwenzako akushikie? Kazi ikiharibika, hasara ni ya nani? Ikionekana wewe ni mwajiriwa, unaweza kudai likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka, notisi, na kusikilizwa kabla ya kufutwa. Kwa hiyo usifute zile jumbe za WhatsApp ambazo bosi anakufokea kwa kuchelewa. Ila usilale: madai ya ajira yana muda wa miaka 3 tu.

Dhana: Tulikubaliana kwa mdomo, kwa hiyo sina kesi.

Sheria ya Ajira ya 2007 inatambua makubaliano ya mdomo. Kazi ikiwa ya miezi 3 au zaidi, kuandika mkataba ni jukumu la mwajiri. Akishindwa kuutoa mahakamani, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha masharti unamwangukia yeye.

Dhana: Kibarua wa Industrial Area anayelipwa kila jioni atabaki kibarua.

Si lazima. Kifungu cha 37 cha Sheria hiyo ya Ajira kinasema siku za kazi mfululizo zikifika mwezi mmoja, ajira inahesabiwa kuwa ya mshahara wa mwezi, na notisi inakuwa siku 28.

Dhana: Basi kila kontrakta analindwa.

Hapana, na hapa wanaharakati wa mitandaoni hupotosha watu. Mwenye wateja kadhaa, vifaa vyake na bei yake mwenyewe ni mfanyabiashara. Hawezi kulalamika kwamba amefutwa isivyo haki. Kinga yake ni yale aliyoandikisha kabla ya kuanza: notisi ya kuvunja mkataba, tarehe ya kulipwa, na malipo ya sehemu iliyokwisha. Mteja akikwepa kulipa deni lisilozidi Sh1,000,000, aende Mahakama ya Madai Madogo, ambako hata bila wakili atasikilizwa.