Kabla hujavuta upinde: kwa vijana wa Nairobi wanaotaka kuwinda kwa mishale

Vijana wanaonijia kuulizia upinde, wengi huwa na swali moja: nianze na upinde gani ili niweze kuwinda? Mimi huanza na jambo wasilotaka kulisikia. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 haikuulegeza mkono. Sungura wa Kitengela au digidigi wa Machakos, hata akiwa anamaliza kunde shambani kwako, huna ruhusa ya kumfuma. Kufuma shabaha ni jambo jingine, na hapo ndipo mafunzo yanapoanzia, popote duniani mtu atakapokuja kuwinda kwa leseni.

Mwezi uliopita kijana mmoja aliniletea upinde alioununua kwenye soko la vinyago mjini. Ulipambwa kwa shanga, ukapakwa rangi nyeusi ya kung'aa. Nilipopitisha kidole gumba tumboni mwa upinde ule, yaani upande unaomwelekea mvutaji, kucha ikanasa: ufa mwembamba kama unywele, umezibwa na rangi. Angeuvuta hadi shavuni, mti ungepasukia usoni pake. Nilimwambia autundike sebuleni. Upinde wa kazi hutengenezwa kwa mti unaokubali kupinda na kurudi, kama mkole, na nguvu zake, yaani uzito wa kuuvuta, hupimwa kwa pauni. Mtu mzima anayeanza, pauni 20 hadi 25 zinamtosha kabisa.

Hapo ndipo ubishi huanza, kwa sababu kila mmoja amesikia habari za Waata wa Tsavo, ambao wengine waliwaita Waliangulu. Ni kweli, pinde zao za kuwindia ndovu zilihitaji nguvu ya zaidi ya pauni 100 kuzivuta. Lakini mwindaji wa Kiwaata hakumfuma ndovu kwa mbali. Alipima upepo, akanyata, akasogea hadi hatua chache tu kutoka kwa mnyama, ndipo akavuta. Naomba jambo hili lizingatiwe sana: ufundi wenyewe ulikuwa wa kukaribia na kusubiri. Anayekimbilia upinde mzito hutetemeka bega, huachia mshale kabla ya wakati, na mnyama aliyejeruhiwa vibaya huenda kufia vichakani kwa mateso.

Kwa hiyo anzia hatua 10 kutoka kwenye shabaha, na nyuma ya shabaha pawe na kichuguu au ukingo wa udongo. Simama kiubavu. Vuta ugwe, yaani uzi wa upinde, hadi pembe ya mdomo, pahali pale pale kila mara, kisha legeza vidole bila kuukwanyua. Vaa kinga ya ngozi kwenye mkono unaoshika upinde. Ugwe ukikuchapa mara moja utaelewa. Usiachie ugwe bila mshale hata kwa kujaribu, kwa kuwa nguvu yote hurudi kwenye mti na kuuvunja. Na kila mshale uukunje kidogo karibu na sikio kabla ya kuutumia: ukilia, uvunje na kuutupa, kwani wano, yaani kijiti cha mshale, lenye ufa linaweza kukatika na kukuchoma mkono.

Linalonikosesha usingizi hasa ni mishale ya zamani. Watu huikuta darini kwa babu, Ukambani au Kilifi, wakaja nayo Nairobi kufanyia mazoezi. Sumu ya mti wa msunguti, ile nyeusi kama lami inayopakwa nyuma ya chembe, yaani ncha ya mshale, husimamisha moyo ikiingia kwenye damu, na miaka mingi kupita si dhamana kwamba imekufa. Mkwaruzo mdogo watosha kuwa hatari. Ukiukuta mshale wenye chembe iliyoviringishwa ngozi, usiifungue ngozi hiyo wala usijaribu kuisugua. Vaa glavu nene, ufunge kichwa chote kwa kitambaa kizito, uandike SUMU juu yake, uuweke mahali watoto hawafiki, kisha uwapigie watu wa makumbusho kabla ya kuubeba kwenye matatu.