Draiva ya SQL haikufungulii hifadhidata ya Facebook

Kuna draiva (programu za kuunganisha) za JDBC, ODBC na za Python zinazokuonyesha Facebook au X (zamani Twitter) kama majedwali ya kawaida. Unaunganisha, unaandika SELECT ya SQL (lugha ya kuuliza hifadhidata), mistari inakuja. Wachambuzi wengi wa Nairobi wanazipenda kwa urahisi huo, na urahisi huohuo ndio unaowapotosha kwa dhana hizi sita.

Dhana: SELECT inasoma hifadhidata ya mtandao wenyewe.
Haiigusi. Draiva hugeuza swali lako kuwa maombi ya HTTP kwa API (mlango ambao mtandao huo hutolea data kwa programu), hupokea majibu ya JSON, kisha huipanga iwe mistari na safu. API isichotoa hukipati, hata uwe gwiji wa SQL. Utafutaji wa machapisho ya karibuni wa X, kwa mfano, unaishia siku 7 nyuma.

Dhana: WHERE na LIMIT hupunguza kazi.
Hapa ndipo muda mwingi unapopotea. Tazama swali hili kwa ukurasa mmoja wa Facebook:

`SELECT id, ujumbe FROM machapisho WHERE tarehe >= '2025-01-01' AND ujumbe LIKE '%petroli%' ORDER BY idadi_maoni DESC LIMIT 10`

Sharti la tarehe linaweza kufika kwenye seva kama kigezo cha `since`. LIKE, inayotafuta neno, haifiki, kwa sababu API haichuji machapisho ya ukurasa kwa neno. Basi draiva inapakua kila chapisho tangu Januari, fungu baada ya fungu, na kuyachuja kwenye RAM yako. LIMIT 10 nayo inangoja ORDER BY ipange yote kwanza. COUNT(*) ni hivyohivyo: machapisho 20,000 kwa mafungu ya 100 ni maombi 200, ili upate namba moja tu. JOIN, yaani kuunganisha majedwali ya machapisho na maoni, ndiyo mbaya kuliko zote, maana inaweza kutuma ombi kwa kila chapisho.

Washa logi ya draiva, hesabu maombi, uone kama sharti lako limo kwenye URL. Kama halimo, vuta machapisho mapya tu, yaweke kwenye hifadhidata yako ya PostgreSQL, na LIKE na JOIN uzifanyie huko.

Dhana: Ikigoma, rudia tu.
Soma kosa kwanza. 429 ya X maana yake umemaliza mgao wako wa maombi. Kichwa cha jibu cha `x-rate-limit-reset` kinakuambia wakati wa kujaribu tena. Kosa 190 la Facebook ni la tokeni, yaani ufunguo wako wa kuingilia API: ya muda mfupi huishi saa moja au mbili, ya muda mrefu kama siku 60. Hilo halitibiki kwa kurudia.

Dhana: Tarehe iliyorudi ni ya Nairobi.
Ni UTC, saa ya kimataifa, iliyo saa tatu nyuma yetu mwaka mzima. EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya, hutangaza bei za mafuta tarehe 14, nazo huanza kutumika usiku wa kuamkia 15. Malalamiko yote ya kati ya saa sita na saa tisa usiku huo yataingia kwenye hesabu ya tarehe 14, na grafu yako itadanganya. Panga kwa `AT TIME ZONE 'Africa/Nairobi'`, na unapovuta data ya tarehe 15 anzia 21:00 UTC ya tarehe 14.

Dhana: ID ni namba, maandishi ni utf8.
ID za X hupita 2^53, kikomo cha namba kamili za JavaScript, hivyo JavaScript huzibadilisha tarakimu za mwisho kimyakimya. Za machapisho ya Facebook huwa na kistari cha chini katikati. Zihifadhi kama maandishi. Na `utf8` ya zamani ya MySQL ina baiti 3 tu kwa kila herufi, kwa hiyo emoji ya kwanza italeta kosa 1366. Tumia `utf8mb4`.

Dhana: Kilicho hadharani hakina sheria.
Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inakuruhusu kuchukua alichokiweka mtu hadharani kwa makusudi bila kumwendea kwanza. Jina na akaunti yake vinabaki kuwa data binafsi, na wajibu wa kukusanya kinachohitajika pekee uko palepale. Ukitaka idadi ya malalamiko kwa siku, omba `id`, `tarehe` na `ujumbe`. SELECT * itakuletea na majina ya watu usioyahitaji.