Iodini ya mionzi haifungi kizazi

Wanawake wengi ambao tezi yao ya thairoidi, iliyopo shingoni, inazalisha homoni kupita kiasi huikataa iodini ya mionzi kwa sababu wameambiwa itawafunga kizazi. Si kweli, na inauma kuona mtu akikosa tiba kwa uvumi. Dawa hii ilianza kutumika Boston mwaka 1941. Mgonjwa huimeza, tezi huifyonza na kupunguzwa nguvu na mionzi yake, na sehemu kubwa ya inayobaki hutoka kwa mkojo. Kinachotakiwa ni subira: mwanamke asishike mimba kwa angalau miezi 6, mwanamume asitungishe kwa miezi 4. Mjamzito na anayenyonyesha hawapewi kabisa.

Yapo mambo ya kupima kwa uzito zaidi. Wengi hubaki na homoni pungufu, wakatumia levothairoksini, yaani vidonge vya kufidia homoni hiyo, maisha yote. Macho yaliyotokeza kwa ugonjwa huu yanaweza kuzidi, hasa kwa mvuta sigara. Vidonge vya kabimazoli, vinavyopunguza homoni, navyo humezwa miezi 12 hadi 18, na karibu nusu ya wenye ugonjwa wa Graves (kinga ya mwili huichochea tezi kupita kiasi) hurudiwa. Ukipata homa au koo likiuma unapovitumia, viache, ukapime damu siku hiyohiyo, kwani huenda vimepunguza chembe nyeupe za damu. Upasuaji wa kuondoa tezi ni wa haraka, ila unaweza kujeruhi neva ya sauti.